Sungura Waliochomwa Penisilini

Tangu niache kazi, simu yangu inaita karibu kila juma, na anayepiga ni mmoja wenu mliobaki kliniki. Swali ni lile lile: "Mama Ciku, sungura ameletwa, daktari ameagiza ile penisilini nyeupe, tuanzie wapi?" Nimechoka kujibu nikiwa nimeshika mwiko. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, tangu siku ya kwanza, pamoja na jambo moja ambalo sikuwahi kuwaambia kwa sababu lilinitia aibu. Ni habari ya mama aliyekaribia kufa kwa ajili ya sindano yangu, ingawa sindano yenyewe haikumgusa hata mara moja. Vyeo na mishahara sitaviandika. Mkitaka hayo, ulizeni anayeyakumbuka.

Nilianza katikati ya miaka ya tisini, katika kliniki ndogo ya wanyama karibu na Euless, huku Texas, mahali ambapo ndege zilipita chini sana juu ya paa na sungura wakawa wanajikunyata kila baada ya dakika chache. Kenya nilikuwa nimesomea afya ya mifugo na kuchoma ng'ombe sindano miaka minane huko Nyandarua, kwa hiyo nilijiona mtu. Wenzangu wa kanisani, karibu wote wauguzi wa hospitali, walinicheka. "Sisi tunauguza wagonjwa, wewe unauguza kitoweo," aliniambia mmoja, na kusema kweli hata mimi nilidhani sungura ni kazi ya kupumzikia.

Siku ya kwanza nilimtoa sungura kizimbani kwa kumshika masikio, kama tulivyowabeba nyumbani. Daktari Lindy, mwenye kliniki, alikuwa mwanamke mrefu wa Texas asiyependa maneno mengi. Alivuka chumba kwa hatua mbili akatia mkono chini ya makalio ya yule mnyama. "Akirusha teke akiwa ananing'inia hivyo," alisema, "atajivunja mgongo mwenyewe, na wewe utabaki umeshika masikio." Kisha akanionyesha namna ya kumfunga kwa taulo, kichwa tu kikibaki nje, na namna ya kumtuliza kwa kumfunika macho. Nilirudia mara ishirini siku hiyo. Jioni mikono yangu ilikuwa na mikwaruzo mingi kuliko miaka yangu yote minane ya ng'ombe.

Kuhusu dawa nilijifunza kwa msiba. Muuguzi mmoja Mkenya, rafiki yangu, alikuwa na sungura wa mtoto wake, na yule sungura akapiga chafya siku mbili. Yeye ni mtu wa dawa, basi akafungua kidonge cha penisilini kilichobaki nyumbani, akakipima vizuri kabisa kwa uzito wa mnyama, akamnywesha. Siku ya tatu sungura aliletwa kwetu akiwa anaharisha na baridi masikioni, na hakumaliza saa moja. Daktari Lindy alinieleza baadaye huku akinawa mikono. Tumbo la sungura limejaa vijidudu vinavyomsagia majani, na penisilini ikipita mdomoni inaviua vile vizuri na kuviacha vibaya vitawale. Dawa ile ile ikichomwa chini ya ngozi hufika kwenye damu bila kupitia tumboni, na wengi huivumilia. Rafiki yangu hakukosea hesabu, alikosea mlango.

Kwa hiyo mliponiona nikipandwa na hasira kila mtu alipotaja vidonge na sungura katika sentensi moja, sababu ndiyo hiyo.

Sasa hii penisilini nyeupe, ya kukaa. Inafanana na maziwa mazito. Kazi yake ni kukaa chini ya ngozi na kuyeyuka polepole, ndiyo maana huchomwa mara moja kwa juma badala ya kila siku. Inahifadhiwa kwenye baridi. Kabla ya kuvuta, chupa izungushwe viganjani mpaka hakuna unga uliolala chini, la sivyo sungura wa kwanza atapata maji na wa mwisho atapata chokaa. Sindano iwe nene kidogo, maana nyembamba inaziba. Ukishaingia chini ya ngozi, vuta bomba nyuma kwanza; ukiona damu, toka, anza upya mahali pengine. Dawa ile ikiingia kwenye mshipa wa damu inaua papo hapo, na hutapata nafasi ya kusema samahani. Kiwango chenyewe sitakiandika hapa. Miaka ile mtu yeyote Texas aliweza kuingia duka la vyakula vya mifugo akanunua chupa ya penisilini bila kuulizwa jina, na ninawajua watu: watasoma namba, hawatasoma mengine.

Lakini kilichonikosesha amani katika dawa hii ni kwamba hairudi. Dawa ya kila siku, ukikosea leo, kesho unaacha. Hii ukikosea, umekosea kwa juma zima, na huwezi kwenda kuichota humo ilimo.

Nililijua hilo mwaka wa pili. Mizani yetu ilisoma paundi na mimi ni mtu wa kilo. Aliletwa sungura wa kijivu wa mwalimu mmoja mstaafu, mizani ikasema sita, nikapiga hesabu ya kilo sita, nikachoma. Nilikuwa naandika kwenye kadi nilipomtazama tena yule mnyama mezani nikaona jinsi alivyo mdogo. Nilikuwa nimempa zaidi ya mara mbili ya kipimo chake. Nilimwambia Daktari Lindy pale pale, na yeye hakupiga kelele. Alisema tu, "Sasa wewe na yeye mtakaa pamoja." Tulikaa siku tatu. Nilihesabu mavi yake kama mtu anayehesabu mtaji. Nilimpa nyasi kavu kwa mkono, nikasikiliza tumbo lake kila saa, na kila alipoacha kutafuna nami niliacha kupumua. Siku ya nne aliamka akageuza bakuli la maji kwa hasira, nikajua atapona. Tangu siku hiyo niliandika kilo kwa kalamu nyekundu juu ya kila kadi, na hiyo kalamu mnaijua, bado mnanicheka nayo.

Nimeyaeleza hayo ili mwone kwamba nilikuwa mtu wa kukiri makosa. Ndivyo nilivyojiona. Sasa niwaambie ya mji wa Lewisville.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kulikuwa na baba mmoja Mkongo, mkazi wa huko, katika ibada yetu ya Kiswahili, tukimwita Baba Neema kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa shemasi, mtu wa Bukavu, mpole, anayefanya kazi kwenye ghala la mizigo. Kwao alikuwa amefuga sungura tangu utoto, na hapa, kwa kuwa nyumba ya kupanga hairuhusu mifugo, aliwaweka kwenye vizimba nyuma ya nyumba ya mzee mmoja Mmarekani aliyesali nasi mara kwa mara, nje kidogo ya mji. Walikuwa kumi na mmoja, wa kula na wa kugawia watu wakati wa sherehe. Siku moja alimleta jike kliniki akiwa na vidonda puani na sehemu za siri. Daktari Lindy alimtazama dakika moja akasema ni kaswende ya sungura, haimwingii binadamu, ila inatembea kizimba kizima. Akaniachia mimi kazi ya kumwambia shemasi.

"Kaswende?" Baba Neema alisimama. "Mama Ciku, usiseme vile! Hii dume nilimupata kwa pasta!"

"Pasta hana kosa, Baba Neema. Ni ugonjwa wao wenyewe."

"Vraiment? Kweli kwa pasta?" Alicheka mpaka akafuta machozi, lakini aliniomba nisiseme kanisani, nami sikusema mpaka leo.

Tiba yake ni hiyo penisilini nyeupe, mara moja kwa juma, majuma matatu, sungura wote, hata wasio na kidonda. Ukimruka mmoja, ugonjwa unarudi kwa wote. Jumamosi ya kwanza Daktari Lindy alikwenda nami kwenye vizimba. Tulimpima kila mmoja, tukachoma wote kumi na mmoja chini ya ngozi ya mabega, tukawaangalia saa nzima. Kabla ya kuondoka alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, kwa Kiingereza. Ilisema hawa wanyama wasiliwe mpaka yeye mwenyewe atoe ruhusa, miezi miwili kwa uchache, kwa sababu penisilini inabaki ndani ya nyama muda mrefu baada ya kumaliza kazi yake. "Waeleze kwa lugha yao," aliniambia. "Yote. Na kwa nini." Kisha akapanda gari lake akaenda.

Mimi nilipelekwa nyumbani kwa Baba Neema kunywa chai. Mama Neema alikuwa ameandaa mandazi na maziwa ya moto, na watoto wanne walikaa wamejipanga kwenye kochi kama kwaya. Niliomba niweke chupa yangu ya dawa kwenye friji lake ili isipoteze baridi. Aliiona akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Ile nyeupe? Hapana, Mama Ciku, isiingie mu friji yangu. Ile ilitaka kuniua kule kambini. Walinichoma juu ya ugonjwa ya koo, hata dakika tano haikuisha, uso ukavimba, pumzi ikakatika. Muganga akasema penisilini, nisiikaribie tena maisha yangu yote."

Nilisema pole, nikairudisha chupa kwenye kisanduku changu cha barafu, nikanawa mikono mara mbili. Nilijiona mwangalifu sana. Yaani mwanamke alikuwa ameniambia kwa kinywa chake kwamba dawa ile ni kifo kwake, na sungura wake kumi na mmoja walikuwa wamejaa dawa hiyo, na mimi nikadhani nimemaliza kwa kunawa mikono.

Baada ya chai ilibaki karatasi. Niliitoa mfukoni nikaitazama, kisha nikawatazama wale watu. Walikuwa wamekaa kambi ya wakimbizi miaka, wakila walichopimiwa. Mgeni wa kwanza anayekuja nyumbani kwao kwa kazi yake anakunywa chai yao, anakula mandazi yao, halafu anawaambia kwamba mnyama wao mwenyewe hawaruhusiwi kumla miezi miwili? Tena mimi Mkenya? Mnajua Wakongo wanavyosema juu yetu, kwamba tunapenda kufundisha watu. Niliona haya. Basi niliikunja karatasi nikaiweka chini ya sahani ya mandazi, nikamwambia Baba Neema kwa sauti laini: "Hii dawa inafanya kazi wiki moja, ndiyo maana tunarudi kila Jumamosi. Kabla ya kuchinja, mngojee kidogo dawa itoke."

"Hakuna shida, mama," alisema. "Tutangoja."

Kwenye kadi ya kliniki palikuwa na mahali pa kutia alama kwamba mwenye mnyama ameelezwa. Nilitia alama, kwa ile kalamu nyekundu.

Jumamosi ya pili nilikwenda peke yangu, nikapima, nikachoma kumi na mmoja, vidonda vilikuwa vimeanza kukauka. Jumamosi ya tatu nilifika vizimbani saa nne asubuhi. Baba Neema alikuwa amevaa shati la kanisani, jambo lililonishangaza kidogo. Nilianza kuwatoa mmoja mmoja kuwapima kwanza. Nilipofika mwisho nilihesabu tena. Walikuwa kumi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa dawa. Nilidhani nimemuua mmoja kwa kipimo, labda nilikosea tena uzito. "Wa kumi na moja yuko wapi?" niliuliza. "Amekufa?"

Alicheka. "Hakufa, mama. Utamuona."

"Nitamwona wapi?"

"Mama Neema yuko anapika tangu asubuhi. Leo njo siku ya mwisho ya sindano, hatuwezi kukuacha wende hivi hivi. Donc tumechinja yule dume munene." Alinitazama, nadhani alitaka nifurahi. "Na tulingoja, vile ulisema. Ulisema dawa inafanya wiki moja. Wiki imeisha leo asubuhi. Ndiyo nikachinja leo, mbele hujachoma ingine."

Alikuwa amepiga hesabu. Nataka mlisikie hilo vizuri. Yule baba hakupuuza neno langu hata moja. Alichukua nilichompa, akakipanga kwa uangalifu, akachagua siku moja tu katika juma ambayo kwa maneno yangu mwenyewe ilikuwa salama.

"Mama Neema atakula?" niliuliza.

"Yeye hapana. Hii ni ya mugeni."

"Baba Neema, anaonja?"

Aliacha kucheka. Kisha akasema polepole, "Mwenye kupika atakosa namna gani kuonja chumvi?"

Nilimwomba simu yake. Ya nyumbani kwake ilikuwa inatumika. Nikapiga tena, inatumika. Jumamosi asubuhi watu wa nyumba ile walikuwa na kadi ya kupigia simu Bukavu, na Bukavu haimalizi kusalimiana. Tuliwaacha sungura kumi bila sindano na milango miwili ya vizimba wazi, tukaingia kwenye gari langu. Niliendesha kwa barabara kuu namba thelathini na tano kama mtu aliyeiba. Baba Neema alishika simu sikioni akipiga, akikata, akipiga. Nilimweleza njiani, hatimaye, yote: kwamba wiki ni ya kazi ya dawa tu, kwamba dawa yenyewe hubaki ndani ya nyama, na zaidi pale mabegani tulipochoma, kwamba moto wa jiko si wa kutegemea kuimaliza. Nilipomaliza alisema tu, "Supu anaipenda ya mabega," akarudi kupiga.

Neema ndiye aliyefungua mlango, binti wa miaka kumi na sita, simu ya nyumba ikining'inia mkononi. "Mom's acting weird," alisema. "She says her throat itches." Mama yake hayuko sawa, koo linamwasha.

Mama Neema alikuwa amekaa sakafuni jikoni, mgongo kwenye kabati, mwiko bado mkononi. Alikuwa anakuna viganja. Midomo yake ilikuwa imeanza kunenepa. Aliponiona alijaribu kusimama, maana mgeni ameingia. Hilo sijalisahau. "Karibu, Mama Ciku," alisema, na sauti ilitoka nyembamba, ya mtu mwingine.

"Umeonja?"

Alionyesha vidole viwili, kisha akaongeza cha tatu.

Nilimwambia Neema apige nambari ya dharura, na kwa bahati simu ilikuwa tayari mkononi mwake. Nilimlaza Mama Neema, nikainua miguu yake, lakini akilala pumzi ilimkaba, kwa hivyo nikamkalisha nikiwa nyuma yake, kifua changu kikiwa kiti chake. Nilisikia kila pumzi mgongoni mwake. Ilipiga mluzi, kisha mluzi ukawa mwembamba. Baba Neema alipiga magoti akaanza kuomba kwa Kimashi, lugha ya kwao, na watoto wadogo wakalia. Nilikuwa na mkoba mzima wa dawa garini, na hakuna hata moja niliyothubutu kumgusa nayo.

Watu wa ambulensi waliingia wawili. Mmoja aliniuliza amekula nini.

"Ana mzio wa penisilini," nilisema. "Ameila."

"Amemeza vidonge?"

"Amekunywa supu ya sungura."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mkubwa mwingine wa kuzungumza naye. "Sungura alikuwa na penisilini?"

"Ya muda mrefu. Siku saba zilizopita, na nyingine juma moja kabla. Mimi ndiye niliyemchoma."

Hapo aliacha kunitazama. Alifungua kisanduku, akamchoma pajani juu ya gauni, akamwekea hewa, na dakika iliyofuata ilikuwa ndefu kuliko ile siku ya mizani ya paundi yote. Kisha mluzi ukashuka. Mama Neema alivuta pumzi moja ya kweli, akakohoa, akalia. Nami nililia, bila heshima yoyote.

Hospitali walimweka mpaka kesho yake, kwa sababu mambo haya huweza kurudi baada ya saa kadhaa. Alipona kabisa. Jumatatu Daktari Lindy alikwenda mwenyewe kuwachoma wale kumi sindano ya tatu, siku mbili nyuma ya ratiba, na sungura walipona pia. Aliporudi aliweka kadi mezani mbele yangu, akaweka kidole kwenye ile alama nyekundu.

"Uliwaeleza?"

"Niliwaeleza," nilisema.

Alisubiri. Mimi, niliyekiri kosa la mizani kabla hata sijaulizwa, sikuongeza neno. Sungura wa kijivu hakuweza kunitia haya. Hapa nilikuwa na kanisa zima. Daktari Lindy alichukua kadi, akasema, "Mara nyingine usitie alama mpaka wamekuambia wao ulichowaambia wewe," akaenda kwa mgonjwa aliyefuata. Nadhani alijua. Hakuniuliza tena mpaka alipostaafu.

Basi hiyo ndiyo asili ya ule utaratibu wangu mnaoulalamikia, wa kumzuia mtu mlangoni na kumwambia, "Sasa niambie wewe." Namuuliza siku ngapi, njia gani, nani anakula, nani nyumbani ana dawa inayomkataa. Nimewauliza maprofesa, nimewauliza wazee walionizidi miaka thelathini, nimemuuliza hata pasta. Nilipopelekwa Houston kuwafundisha wasaidizi wapya walitaka niwaonyeshe namna ya kushika bomba, nami niliwaweka asubuhi nzima wakiambiana maneno wao kwa wao. Mmoja aliniambia ni utovu wa adabu kumfanya mtu mzima arudie kama mwanafunzi. Nilimwambia ndiyo, ni utovu wa adabu, na aurudie.

Lakini sikuwaeleza niliujifunza wapi. Kwa maana kule kanisani hadithi ilikuwa imeshageuka. Jumapili ile Baba Neema alisimama akatoa ushuhuda kwamba Mungu alimtuma Mama Ciku, aliyetambua hatari kabla ya mtu yeyote, aliyeendesha gari kama malaika, aliyewaambia watu wa ambulensi neno lililookoa mke wake. Watu walipiga vigelegele. Wale wauguzi walionicheka walinipa mkono. Nami nilisimama nikainamisha kichwa, na kila mtu aliona ni unyenyekevu. Tangu hapo kila mwaka mpya nilialikwa nyumbani kwao, nikakalishwa kiti cha mbele, nikapakuliwa kwanza. Nilikula, nikashukuru, nikaenda zangu.

Mwezi uliopita, kabla ya kukaa chini kuandika haya, niliona siwezi kuwaambia nyinyi kabla sijamwambia yeye. Baba Neema ametangulia, Mungu amrehemu, alikufa akiniita mwokozi wa nyumba yake. Mama Neema yuko bado Lewisville, anaishi na Neema, ambaye sasa ni muuguzi. Nilimkuta jikoni. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama na mkoba begani: ile karatasi chini ya sahani, ile haya yangu, lile neno langu la "mngojee kidogo", ile alama nyekundu. Nilimwambia mume wake hakukosa lolote. Nilimwambia nilikuwa mwoga na nikakubali kusifiwa.

Hakugeuka. Aliendelea kukoroga sufuria. Kisha akasema, "Niko najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nitoke hospitali. Karatasi niliikuta chini ya sahani siku ile ya chai, nikaiweka mu kabati; nilipotoka hospitali njo Neema akanisomea. Mume wangu nilimuuliza ulisema nini, akaniambia neno kwa neno. Ye hakuona kosa. Mi niliona."

"Na hukusema."

"Ulikuwa mugeni wangu. Na ulinishika mgongo." Alifunika sufuria, akanigeukia, na uso wake haukuwa wa hasira wala wa kucheka. "Lakini Mama Ciku, miaka yote umekula kwangu. Umepata nyama hata siku moja?"

Nilijaribu kukumbuka. Niliona sahani zote zile za mwaka mpya, moja baada ya nyingine, na wageni wengine wakila mbuzi na kuku kando yangu.

"Maharage," nilisema.

"Maharage," alisema Mama Neema. "Nilikuwa nangojea useme." Alichukua sahani, akapakua, akaiweka mbele yangu. Yalikuwa maharage. "Leo yameshaiva, haiwezekani kubadilisha. Jumapili ukuje mapema."

Jumapili nilifika kabla hawajatoka kanisani, nikakaa kwenye ngazi za mlango wao, nikangoja.